Gari Linapochemka Mlimani: Pima Feni, Andika Daftarini



Kila dereva anayepeleka watu au mizigo kutoka Bujumbura hadi mashamba ya chai ya Teza anaijua barabara ya RN1. Mji wetu uko kando ya Ziwa Tanganyika, kiasi cha meta 775 juu ya bahari. Ukifika Bugarama, mwendo wa kilomita 35 hivi, umekwisha kuvuka meta 2,000. Katika kupanda huko injini hufanya kazi ngumu, gari huenda polepole, na upepo wa mbele ni kidogo. Mzigo wa kuipoza rejeta huiangukia feni.

Dereva mmoja, mwenzetu, alichemkiwa na gari la kazini njiani huko. Akaambiwa ni uzembe. Gari lilipokokotwa hadi gereji moja ya Buyenzi, fundi alikuta feni nzima na mota yake nzima. Kilichokufa ni rilei, kidude kidogo kuliko kiberiti. Lakini gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekwisha kuungua. Siku 4 kabla yake alikuwa ametoa taarifa kwa mdomo tu, bila maandishi. Alikatwa mshahara.

Yasitupate tena hayo. Tujue mambo haya machache.

BARABARA ITAKUAMBIA

Tazama mshale wa joto unapanda wapi. Ukipanda gari likiwa limesimama kwenye msongamano mjini, kisha ukashuka ukienda kasi, shuku feni. Ukipanda hata kwenye tambarare ya Imbo, njia ya Cibitoke, gari likienda vizuri na upepo mwingi, feni si mshitakiwa wa kwanza. Tafuta maji yaliyopungua, rejeta iliyoziba, thamostati iliyokwama au pampu ya maji iliyochoka.

FENI YA UMEME

Magari madogo mengi, kama Probox za teksi zetu, yana feni ya umeme. Fuata hatua hizi kwa zamu, wala usinunue kitu kabla ya kuzimaliza.

1. Washa injini, kisha washa kiyoyozi kama kipo. Katika magari mengi feni huzunguka mara moja. Ikizunguka, mota ni nzima. Sasa shuku sensa ya joto.

2. Feni ikigoma, tazama fyuzi yake. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zile zile. Usiweke waya mahali pa fyuzi: waya hauungui, zitaungua nyaya za gari.

3. Badilishana rilei ya feni na nyingine ya namna ile ile, mara nyingi ya honi. Feni ikizunguka, umempata mkosaji.

4. Chomoa soketi ya mota, uipe umeme wa betri moja kwa moja kwa nyaya mbili. Ikizunguka, kosa liko nyuma yake, kwenye nyaya, rilei au sensa. Isipozunguka, kaboni zake zimekwisha au mota imekufa.

5. Feni ikitoka kwa fundi, weka karatasi mbele ya rejeta huku inazunguka. Feni iliyo nyuma ya rejeta lazima iivute karatasi. Ikiisukuma, nyaya zimegeuzwa: feni inapiga kelele lakini inapigana na upepo.

FENI YA MKANDA

Malori mengi yana feni inayozungushwa na mkanda. Zima injini, kagua kama mkanda umelegea au umepasuka. Kama feni ina klachi ya mafuta, izungushe kwa mkono injini ingali na joto, lakini imezimwa. Ikizunguka huru kama tiara, mafuta yake yamevuja.

TAHADHARI

Feni ya umeme inaweza kujiwasha hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Chomoa waya wa betri kabla ya kutia vidole.

Usifungue kifuniko cha rejeta ya moto. Maji yaliyo ndani yanazidi nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamefungiwa. Ukifungua, yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Huko Bugarama, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo kifuniko kibovu ni hasara zaidi mlimani kuliko mjini. Mshale ukipanda, egesha, zima injini, ngoja ipoe.

DAFTARI NI SHAHIDI

Ndugu dereva, ukiona mshale unapanda, andika: tarehe, mahali, ulichokiona, na jina la uliyempa taarifa. Mwombe atie sahihi. Akikataa, mwonyeshe mjumbe wa chama siku hiyo hiyo. Rilei ni kitu cha bei ndogo, injini ni ya bei kubwa, na neno la mdomo halina bei mbele ya meza ya mwajiri.