Ramani Ndogo, Mkono Mwepesi na Vijiseli Vinavyoongea: Vinara wa Teknolojia ya DNA

Mkongwe wa fani hii ya kujenga vitu kwa DNA alikuwa Nadrian Seeman. Mwaka 1980, akiwa katika baa ya chuo mjini Albany, Marekani, alikumbuka picha ya mchoraji Escher ya samaki waliojipanga safu kwa safu, akawaza kwamba DNA nayo inaweza kupangwa hivyo. Makala yake juu ya wazo hilo ilitoka 1982. Mchemraba wa kwanza wa DNA ukapatikana 1991. Miaka tisa kwa mchemraba usioonekana kwa macho! Subira hiyo nayo ni rekodi.

Kwa ramani, kipimo cha Paul Rothemund hakichekeshi: 1 kwa trilioni 200, yaani nanomita moja ni kilomita 200. Mwaka 2006 alichukua uzi mrefu wa DNA wa kirusi M13, wenye herufi zaidi ya 7,000, akaukunja kwa nyuzi fupi zaidi ya 200 hadi zikatokea ramani ya Amerika mbili, na nyuso zinazotabasamu. Tone moja la maji lilibeba nyuso kama bilioni 50.

Mwaka 2017 Lulu Qian na wenzake wa California wakatengeneza Mona Lisa ya vigae 64 vya DNA, nukta 8,704. Inapendeza, ila haifanyi kazi yoyote.

Mzito kuliko wote kwa hesabu ni mfumo wa Qian na Erik Winfree wa 2011: nyuzi 130 zinazotafuta kipeuo cha pili cha namba zisizozidi 15, kwa saa kadhaa. Mtoto wa shule angeshajibu na kwenda kucheza. Mwepesi ni mkono wa DNA wa Munich, Ujerumani, wa 2018, unaovutwa kwa umeme na kugeuka ndani ya milisekunde, walau mara 100,000 zaidi ya mashine za DNA zilizoutangulia.

Lakini huo mfumo mzito ndio wenye siri. Uzi wa DNA ulioshikana na mwenzake huachiwa ncha moja wazi. Uzi mgeni hudaka ncha hiyo, kisha hujisogeza kidogo kidogo, kama abiria anayejibana kwenye kiti cha daladala, mpaka yule aliyekuwepo aanguke. Huyo aliyeanguka ndiye ujumbe: anaondoka kwenda kumng'oa mwingine kwingineko.

Mwaka 2019 kundi la Tom de Greef wa Eindhoven, Uholanzi, na Stephen Mann wa Bristol, Uingereza, liliufungia mchezo huo ndani ya vijiseli bandia vyenye ngozi ya protini inayopitisha DNA fupi. Kijiseli kikipokea uzi, kinaachia mwingine, nao unaelea hadi kwa jirani. Vijiseli hivyo viliukuza ujumbe njiani, vikajibizana, vikagawana hesabu ambayo kimoja hakikupewa kuimaliza peke yake. Hata kwenye majimaji ya damu, yaliyojaa vimeng'enya vya kukatakata DNA, ngozi iliwakinga wajumbe walio ndani.

Seli za mwili wako huishi kwa kupeana habari kwa molekuli namna hiyo, usiku na mchana. Mona Lisa nawaachia wapenda picha. Kura yangu, bila kusita, naipa vijiseli vya 2019.