Nobu Tatu, Saketi Moja: Kompyuta Inavyoiga Sauti ya Amplifaya ya Gitaa

Amplifaya nyingi za gitaa zina nobu tatu za kurekebisha sauti: besi, midi na trebo. Mpigaji anayezungusha trebo hutarajia kugusa sauti nyembamba peke yake na kuziacha nyingine zilivyo. Kwenye amplifaya nyingi za valvu, zile zenye taa za kioo kama redio za zamani, haiwi hivyo. Nobu tatu zimefungwa kwenye saketi moja, na ukiigusa moja umezigusa zote. Ndiyo maana programu ya kompyuta inayopanga vichujio vitatu vinavyojitegemea, kila kimoja na nobu yake, haijaiga amplifaya ya valvu, hata kama majina kwenye skrini ni yale yale. Lakini wapo pia wanaosema kwamba kompyuta haitaweza kamwe kuiga sehemu hii, na hao nao nadhani wamekosea. Inaigika, tena kwa usahihi mkubwa, ili mradi saketi nzima ikokotolewe kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa Bassman 5F6-A, amplifaya iliyotengenezwa na Fender huko California mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye Marshall wa London waliifuata karibu hatua kwa hatua walipounda JTM45. Saketi yake ya kurekebisha sauti ina vipuri saba tu: kapasita moja ya pikofaradi 250, mbili za nanofaradi 20, rezista ya omu 56,000, na nobu tatu ambazo nazo ni rezista zinazobadilika: omu 250,000 kwa trebo, milioni moja kwa besi, na 25,000 kwa midi. Ndani yake hamna valvu wala chanzo chochote cha umeme, kwa hiyo haiongezi kitu. Kazi yake ni kupunguza tu. Sasa shusha trebo na besi hadi sifuri, kisha pandisha midi hadi mwisho. Kapasita mbili kubwa hujikuta zimesimama sambamba mbele ya nobu ya midi, na hesabu inakuwa nyepesi: 25,000 gawanya kwa 81,000, yaani volti zinazotoka ni kama asilimia 31 ya zilizoingia. Kuanzia hezi 100 hivi kwenda juu, asilimia hiyo haibadiliki sana. Nobu zinazoonekana zimepangwa kombo kabisa ndizo zinazotoa sauti iliyo karibu na asili. Ukiziweka zote katikati, ambako wengi hudhani ndiko kwenye usawa, unapata bonde kwenye mamia kadhaa ya hezi, mahali hasa zilipo noti nyingi za gitaa. Na kwenye Twin Reverb, amplifaya nyingine ya Fender, ukishusha nobu zote tatu hadi sifuri, sauti hukaribia kupotea kabisa. Vichujio vitatu huru vya kawaida havifanyi hivyo.

Programu inaigaje basi? Kwa sheria za Kirchhoff, zile zile za fizikia ya sekondari, saketi yote huandikwa kama mlinganyo mmoja. Kapasita zikiwa tatu, mlinganyo unakuwa wa daraja la tatu, na kila nobu inajitokeza ndani yake mara kadhaa, mara nyingi ikiwa imezidishwa na nobu nyenzake. Mwaka 2006 David Yeh na Julius Smith wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mlinganyo huo kwa ajili ya Bassman, pamoja na njia ya kuugeuza uwe hesabu za kidijiti. Kompyuta hupokea sauti kama vipimo, kwa kawaida 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huzidishwa na kujumlishwa mara chache tu. Hata simu ya mkononi haitoki jasho.

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba joto la valvu haliwezi kuandikwa kwa namba. Kuiga valvu inapoelemewa na kukwaruza sauti kwa kweli ni kazi ngumu zaidi, lakini hilo hutokea nje ya saketi hii. Kwenye Bassman, valvu inayotangulia imefungwa kwa namna inayoisukuma saketi bila kuyumba, kwa hiyo ni halali kuikokotoa saketi peke yake. Twin Reverb ni tofauti: valvu inayotangulia ina ukinzani wake wa makumi ya maelfu ya omu, na programu isiyouingiza kwenye hesabu itakosea. Kuna wanaosema pia kwamba programu hailingani na amplifaya waliyonayo. Inawezekana kabisa, maana vipuri vya zama zile viliweza kutofautiana na namba zilizoandikwa kwa asilimia 10 hata 20, na amplifaya mbili za aina moja hazilingani zenyewe kwa zenyewe. Tena nobu ya besi haipandi kwa mwendo sawa: ikiwa katikati ya mzunguko wake, rezista imefika kama moja ya kumi tu au zaidi kidogo. Programu inayodhani katikati ni nusu ya rezista itakuwa na saketi sahihi na nobu ya uongo.

Faida ya programu hizi inagusa afya pia. Ndani ya Bassman mna zaidi ya volti 400, na kapasita za umeme huweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwenye skrini unabadilisha kipuri bila hatari hiyo. Masikio nayo yanapona, kwa kuwa unaweza kupiga kwa sauti ya chini. Kwa kipimo cha usalama kazini kinachopendekezwa Marekani, desibeli 85 zinavumilika kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, hivyo kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15. Lakini kuna jambo moja ambalo mlinganyo haulitatui. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio huisikia besi kwa shida. Mpigaji aliyepanga nobu zake nyumbani kwa sauti ya chini huwa ameongeza besi kufidia, na akifika jukwaani atalazimika kuipunguza.