"Kumbukumbu" na "Rekodi" katika Upimaji wa Kompyuta

Katika z/VM ya kampuni ya IBM, mfumo uliotokana na VM/370 ya mwaka 1972, kompyuta kuu moja huendesha mashine pepe nyingi. Programu ya udhibiti, CP, huweka takwimu za utendaji katika sehemu ya kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja. Programu ya MONWRITE huzisoma humo na kuziandika katika diski au tepu.

Mfasiri akiviita vyote viwili, hifadhi na maandishi, "kumbukumbu", amri ya kufuta kumbukumbu itamtatiza fundi: je, asafishe hifadhi, au apoteze vipimo alivyokusanya? Yafaa "kumbukumbu" ibaki kwa hifadhi ya ndani ya kompyuta, na "rekodi" itumike kwa maandishi ya takwimu, popote yalipo.