Ushuru wa gesti Kilwa: nani hasa anaulipa?

MTALII anayekwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani hupata kibali chake Kilwa Masoko, huvuka kwa mashua au boti, na jioni hurudi bara. Akiamua kulala, kitanda chake mara nyingi kitakuwa Masoko. Hapo ndipo halmashauri ya wilaya inapopata fungu lake: ushuru wa nyumba za kulala wageni, ambao kwa miaka mingi ulitozwa kwa asilimia 10 ya bei ya chumba kwa nyumba zisizosajiliwa kulipa VAT.

Kwa karatasi, anayelipa ni mgeni, na mwenye gesti hukusanya tu na kupeleka. Biashara yenyewe inasema vingine.

Wengi wanaolala katika gesti za kawaida za Masoko hawakufuata magofu. Ni madereva wa malori, mawakala wa ufuta na korosho, na watumishi wanaosafiri kwa posho. Watu hawa wana bajeti isiyonyumbulika. Chumba cha Sh 20,000 kikipandishwa hadi Sh 22,000 ili kufidia ushuru, dereva atahamia kwa jirani au atalala Nangurukuru, kwenye njia panda. Mwenye gesti hubaki na bei ile ile na kuitoa ile Sh 2,000 mfukoni mwake.

Naye huitafuta mahali pengine. Chandarua kilichochanika husubiri mwezi ujao, mfanyakazi mmoja hupunguzwa, na samaki, nazi na mboga hununuliwa kidogo. Hivyo sehemu ya ushuru huishia kwa mvuvi na mkulima ambao hawajawahi kukodi chumba.

Makadirio yanavyoumiza

Hesabu huwa nzito zaidi pale ushuru unapotozwa kwa makadirio badala ya vitanda vilivyolaliwa. Tuchukue mfano wa gesti ya vyumba 10, kila kimoja Sh 20,000. Katika mwezi wa siku 30 ina nafasi 300 za kuuza. Ikiuza 90, mapato ni Sh 1,800,000 na ushuru kwa kiwango hicho cha asilimia 10 ni Sh 180,000. Mkusanyaji akikadiria kuwa nusu ya vyumba vilijaa, atadai Sh 300,000. Hiyo si tena asilimia 10, bali inakaribia asilimia 17 ya mapato halisi.

Masika ndiyo huonyesha ubaya wa utaratibu huo. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Magari yakikwama, vitanda hubaki vitupu. Asilimia 10 ya kitanda kisicholaliwa ni sifuri. Makadirio hayajui mvua.

Fedha irudi inakotoka

Halmashauri nayo ina shida yake. Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo pamoja na ushuru mwingi uliokuwa kero kwa wananchi. Vyanzo vilivyobaki, ukiwamo huu wa gesti, vikabeba mzigo mkubwa zaidi. Kuufuta kabisa si jibu. Swali la msingi ni fedha hiyo inafanya nini baada ya kukusanywa.

Nchini Kenya, tozo ya utalii ya asilimia 2 ya mauzo ya hoteli imesaidia kuendesha Chuo cha Utalii cha Kenya, kinachofundisha wapishi na wahudumu wa hoteli hizo hizo. Mlipaji huona anachorudishiwa. Mji wa Venice, Italia, ulianza Aprili 2024 kuwatoza euro 5 wageni wa kutwa katika siku maalumu zenye msongamano, wakati wanaolala mjini wana kodi yao hotelini.

Mfano wa Venice unaigusa Kilwa. Meli ya watalii ikitia nanga, abiria huteremka kuona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, kisha hurudi kulala melini. Ushuru wa kitanda haumgusi mgeni huyo, ingawa naye hutumia gati na njia za kisiwani. Magofu yenyewe, yaliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalikaa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Yalitoka baada ya kazi kubwa ya ukarabati, na ukarabati ni fedha.

Kwa mwenye gesti, kinga ya kwanza ni kitabu cha wageni kilichojazwa kila usiku na risiti zinazolingana nacho. Mwenye kumbukumbu ana cha kuonyesha makadirio yanapozidi. Kinga ya pili ni kwenda pamoja na wenzake kwa diwani kabla bajeti haijapitishwa, na kuomba sehemu ya ushuru itengwe kwa gati, maji na usafi wa mji.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kilwa, mwenyeji huyo ni pamoja na mvuvi anayesubiri gesti ifungue jiko.