Gari la 4WD lililotumika: bei ya haki utaijuaje?

Vijana wenzangu wa Rungwe, siku hizi swali ninaloulizwa sana, ofisini na hata njiani nikiwa kwenye pikipiki, sio la mbolea wala la wadudu wa parachichi. Ni la gari. "Afisa, kuna Hilux inauzwa hapo Kiwira, nichukue?" Leo nalijibu kwa kirefu, maana gari lililonunuliwa vibaya linaweza kumaliza mtaji wa shamba zima. Kuna kijana ninayemfahamu, mkulima mzuri tu wa viazi, alitoa hela yote ya msimu akanunua gari. Mvua ilipoanza, gari lilikuwa gereji na yeye hakuwa na hela ya mbegu wala ya mbolea. Sitaki hilo likukute.

Kwanza, gari linaenda kufanya kazi gani?

Barabara kuu ya kutoka Uyole kupitia Kiwira na Tukuyu hadi Kasumulu ni ya lami. Lakini parachichi, chai, ndizi na maziwa yetu yapo ndani: Ikuti, Suma, Masukulu, Mwakaleli. Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wetu wa volkano ukilowa ni sabuni. Kwa hiyo kutaka 4WD sio kujionyesha.

Ila piga hesabu kabla ya kupenda. Namba hizi ni za mfano, wewe weka zako. Tuseme unakodi usafiri mara 70 kwa mwaka, kila safari shilingi 50,000. Hiyo ni 3,500,000. Ukiwa na gari lako, mafuta ni 20,000 kwa safari, yaani 1,400,000. Ongeza sevisi, matairi na bima, tuseme 1,300,000. Jumla 2,700,000. Unaokoa 800,000 tu kwa mwaka. Gari la milioni 20 litakulipa baada ya miaka 25!

Sasa chukua mwenye safari 250 kwa mwaka. Kukodi ni 12,500,000. Mafuta 5,000,000 na matengenezo 2,500,000, jumla 7,500,000. Anaokoa milioni 5 kila mwaka, na ndani ya miaka minne gari limejilipa. Umeona tofauti? Kinacholipa gari ni safari. Kama safari zako ni chache, kaa na wenzako kwenye kikundi mnunue moja, au anza na kirikuu, ambayo nayo ipo yenye 4WD. Na ukipanga kubeba mizigo ya majirani kwa malipo, waulize LATRA kuhusu leseni ya usafirishaji mapema.

Bei ya haki inatafutwa hivi

*Moja, usidanganywe na namba.* Mitaani tunasema "hii ni namba D" au "namba E" kama vile ndio umri wa gari. Herufi hizo zinaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Hazisemi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2002 linaweza kuingia juzi kutoka Japani likapewa namba mpya kabisa. Angalia mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi.

*Mbili, linganisha magari yanayofanana.* Tafuta angalau matano: aina ile ile, injini ile ile, mwaka unaokaribiana. Usiishie Tukuyu, uliza Mbeya, Iringa na Dar es Salaam. Toa la bei ya juu kabisa na la chini kabisa, yaliyobaki yatakupa bei ya soko. Kumbuka hizo ni bei za kutangaza, na nyingi hushuka watu wakikaa kuongea.

*Tatu, pima na bei ya kuagiza.* Tovuti ya TRA ina kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika. Ukiingiza aina, mwaka na injini, kinakupa kodi. Jumlisha na bei ya gari, meli na bima hadi bandari ya Dar es Salaam, gharama za bandarini, na kulileta huku. Hiyo ndiyo dari yako. Gari lililokwisha kuhangaika na tope letu miaka sita haliwezi kuuzwa bei ya linaloshuka melini leo.

*Nne, toa ubovu.* Tuseme bei ya soko ni milioni 21. Fundi amekuta matairi manne yameisha, 1,600,000. Klachi 600,000. Springi na bushi 500,000. Ukaguzi na kuhamisha umiliki, weka 400,000. Jumla 3,100,000. Mwisho wako ni 17,900,000. Iandike kwenye karatasi kabla hujaenda kuongea na muuzaji, na usiivuke.

Kulikagua

Nenda asubuhi na mapema, na mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Dizeli iliyochoka inajificha ikiwa ya moto, lakini baridi ya Tukuyu ya Juni na Julai inaitoa hadharani. Shika boneti: kama ni la moto, jiulize kwa nini.

Likiwaka, angalia moshi. Wa bluu maana yake injini inakula oili. Mweupe usioisha hata injini ikishapata moto unaweza kuwa maji yanaingia kwenye silinda, au nozeli mbovu. Mweusi mwingi ni mafuta yasiyoungua vizuri, mara nyingine ni chujio la hewa tu. Fungua kifuniko cha oili: ukiona rangi ya chai ya maziwa, oili imechanganyika na maji. Hapo aga, ondoka.

Zijue na injini. Ile 1HZ ya Land Cruiser mkonga, lita 4.2 bila tabo, ni ngumu na mafundi wengi wanaijua, ila inakunywa. Hilux zenye 3L na 5L hazina mbio lakini ni rahisi kutengeneza. 1KZ ikichemka hupasuka silinda hedi, kwa hiyo ikague rejeta kwa makini. Injini za D-4D hazipendi mafuta machafu, na nozeli zake ni ghali. Land Rover Defender ina bodi ya alumini isiyoshika kutu, lakini chesesi yake ni chuma. Usisifie bodi ukasahau chini.

Chini ndiko kwenye ukweli. Lala chali na tochi. Pikapu za huku zimebeba ndizi, viazi na matofali kupita uwezo, kwa hiyo tafuta nyufa na alama za kuchomelea kwenye chesesi, hasa karibu na springi za nyuma. Rangi mpya chini ya gari kuukuu ni swali linalohitaji jibu. Mwambie fundi afungue oili ya difu: vipande vya chuma au rangi ya maziwa ni gharama inayokusubiri.

4WD yenyewe ijaribu kwenye tope au changarawe. Usiijaribu kwenye lami kavu, magari mengi ya kazi yataumia. Weka 4H, halafu simama uweke 4L, panda mlima taratibu. Magurudumu ya mbele yavute kweli, gia isiruke. Kama mwenye gari anakubali, teremkeni Kyela mrudi. Kyela iko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari na Tukuyu iko zaidi ya 1,500, kwa hiyo kupanda kurudi kunapima rejeta kuliko maneno yoyote. Mshale wa joto ukipanda, umepata jibu.

Kilomita kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Linganisha na mpira wa pedali, usukani na kiti cha dereva. Na fundi awe wako, umlipe mwenyewe. Fundi aliyeletwa na dalali ana bosi mwingine.

Makaratasi

Jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Namba ya chesesi na ya injini uzisome kwenye chuma kwa macho yako, ulinganishe na kadi. Ukiambiwa kadi iko benki, maana yake kuna mkopo. Hapo malizieni pamoja benki, hela isipite mkononi mwa mtu. Kama mwenye gari amefariki, anayeruhusiwa kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama kaka mkubwa wa familia anasema ameruhusu. Madeni ya faini za barabarani na maegesho ya TARURA yanaangaliwa mtandaoni kwa namba ya gari. Andikeni mkataba kwa wakili, lipa kwa benki, na mhamishe umiliki TRA mapema. Likipata ajali bado lina jina la mwingine, mtasumbuana wote wawili.

Siku ya kupatana

Usiende msimu wa mavuno ukiwa na furaha ya hela mpya. Wauzaji wanajua kalenda yetu kuliko tunavyodhani. Usitukane gari la mtu pia. Toa orodha ya fundi, sema, "Mzee wangu, gari lako ni zuri, ila haya nitayatengeneza mimi, naomba tuyahesabu." Asilimia za dalali mkubaliane kabla, na nani anazilipa. Ukisikia "kuna mtu anakuja na hela saa kumi", mwache huyo mtu aje.

Ukishanunua, ubaki na akiba ya angalau sehemu moja kwa kumi ya bei, kwa sevisi ya kwanza na ya dharura. Na hela ya pembejeo za msimu isiguswe hata shilingi. Gari zuri litapatikana tena mwezi ujao, lakini msimu ukikupita umekupita.