Kujiandaa kwa mbio za kilomita 21 na 42: mambo ambayo mkazi anapaswa kujua

Kila alfajiri, barabara za kutoka Eldoret kuelekea Iten na Kaptagat hujaa wakimbiaji. Wapo wanaotafuta riziki kwa miguu yao, na wapo walimu, wahudumu wa bodaboda, wauguzi na wafanyabiashara wanaojiandaa kwa mbio zao za kwanza. Makala haya yanawalenga hao wa pili.

Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 jijini Vienna, Oktoba 2019. Mkazi atakayemaliza umbali huo kwa saa 4 atakuwa barabarani mara mbili ya muda huo. Ndiyo maana mkimbiaji wa kawaida anahitaji maandalizi, maji na uangalifu, pengine kuliko bingwa.

Pima mwili kwanza

Fika katika kituo cha afya kabla ya kuanza ikiwa una shinikizo la damu, kisukari au pumu, ikiwa umewahi kuzimia ukifanya mazoezi, au ikiwa kuna mtu katika familia aliyefariki ghafla akiwa kijana. Vivyo hivyo ukiwa umepita miaka 40 na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu.

Kumbuka pia kwamba Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi huku huleta oksijeni kidogo kuliko Mombasa, kwa hivyo moyo na mapafu hufanya kazi zaidi. Ratiba iliyoandikwa kwa watu wa pwani au Ulaya itakuchosha ukifuata kasi yake. Tumia kipimo rahisi: siku ya mbio za polepole, uweze kuzungumza na mwenzako bila kuhema.

Wiki ya mazoezi

Ikiwa tayari unaweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama, jipe wiki 12 hadi 16 kwa mbio za kilomita 21. Siku nne kwa wiki zinatosha:

- Jumanne: fatleki, yaani dakika moja ya kasi na dakika moja ya polepole, mara 8 hadi 12.
- Jumatano: dakika 30 polepole.
- Alhamisi: dakika 40 hadi 50 polepole.
- Jumamosi: mbio ndefu. Anza na kilomita 8, ongeza moja au mbili kila wiki, na kila wiki ya nne punguza. Ukifika kilomita 18, inatosha.

Siku nyingine pumzika. Mwili hupata nguvu wakati wa mapumziko, si wakati wa kukimbia. Wageni wanaotembelea kambi zetu hushangaa kuona mabingwa wakianza mazoezi kwa mwendo wa taratibu sana. Anayeharibu mpango ni yule anayekimbia kila siku kama siku ya mashindano.

Mbio za kilomita 42 zisubiri mpaka uwe umemaliza za 21 bila jeraha. Huko mbio ndefu hufika kilomita 30 hadi 32. Katika wiki mbili za mwisho, punguza umbali ili uingie mashindanoni ukiwa na miguu mipya.

Maumivu ya misuli huisha kwa siku mbili au tatu. Maumivu ya mfupa yanayokaa sehemu moja na kuzidi kila unapokimbia yanaweza kuwa ufa. Acha kukimbia, umwone daktari.

Barabarani

Pale pasipo na njia ya miguu, kimbia upande wa kulia, ukiyatazama magari yanayokuja. Vaa fulana nyeupe au jaketi la kuakisi mwanga kabla ya jua kuchomoza. Mkiwa kundi, pangeni mstari mmoja. Acha vipokea sauti nyumbani, kwa sababu ni lazima usikie lori linalokuja. Barabara za udongo zina magari machache na hazichoshi magoti, ila huteleza wakati wa mvua.

Siku ya mashindano

Kula chakula ulichokizoea, saa mbili au tatu kabla ya kuanza. Usijaribu viatu vipya siku hiyo.

Kosa kubwa ni kuanza kwa kasi. Anayelenga saa 2 kwa kilomita 21 anahitaji takriban dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Akikimbia kilomita 5 za kwanza kwa dakika 5 kila moja, ataokoa dakika 3 na sekunde 25, na huenda akazipoteza zote katika kilomita za mwisho. Katika kilomita 42, sukari iliyohifadhiwa mwilini huanza kuisha karibu na kilomita ya 30, na aliyeanza kwa pupa hapo hutembea.

Kunywa maji kidogo kidogo unapohisi kiu. Maji mengi kupita kiasi nayo ni hatari, kwani hupunguza chumvi katika damu.

Tembe na sindano

Usimeze tembe kama ibuprofen au diclofenac ili umalize mbio. Mwili ukiwa umepungukiwa na maji, dawa hizo zinaweza kudhuru figo, na huficha jeraha linaloendelea kuharibika.

Usikubali sindano au tembe ya "kuongeza nguvu" kutoka kwa mtu yeyote. Sheria ya mwaka 2016 iliunda shirika la ADAK kupambana na dawa za kusisimua misuli nchini. Kanuni za mchezo humfanya mwanariadha awajibike kwa kila kinachopatikana mwilini mwake, hata kama hakukusudia. Hata baadhi ya dawa za mafua zina viambato vilivyopigwa marufuku mashindanoni. Mwambie mhudumu wa afya kwamba wewe hushiriki mbio kabla hajakuandikia dawa.

Simama mara moja ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuchanganyikiwa. Ukimwona mkimbiaji ameanguka, ita wahudumu wa huduma ya kwanza au piga 999 au 112. Mbio zitakuwepo tena mwaka ujao.