Tukutendereza: Shukrani Iliyolipa Madeni

Mwaka 1929 daktari kijana kutoka Uingereza, Joe Church, aliingia Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Alitoka Gahini, mashariki mwa Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana karibu na Ziwa Muhazi, ambako njaa kali ilikuwa imeua watu wengi mbele ya macho yake. Juu ya kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi ya serikali katika idara ya afya. Wakakaa pamoja kusoma Biblia na kuomba. Daktari akarudi Gahini akiwa mtu mwingine, na Nsibambi hakukawia kuuacha mshahara wake akawa mhubiri.

Katika miaka ya 1930 uamsho ulichomoza Gahini, ukapanda milima hadi Kabale katika Kigezi, ukashuka Buganda, ukavuka kuingia Burundi, Bukoba na Kenya. Watu wake waliitwa Balokole nchini Uganda. Kwa Kiswahili ni waliookoka, au ndugu tu. Wengine huwaita "watu wa Tukutendereza", kutokana na wimbo wao wa Kiganda wa kumshukuru Yesu, unaoimbwa hadi leo na watu wasiojua neno jingine lolote la lugha hiyo.

Lakini wimbo ulikuwa na gharama. Mtu akisimama kwenye ushirika kueleza jinsi Bwana alivyomwokoa, alitarajiwa kueleza pia alichoiba, na kwa nani. Kesho yake alikirudisha. Vifaa vya kazini vikarudi kwa wenyewe, fedha za tajiri zikarudi, na ng'ombe waliochukuliwa kwa hila wakarudi kwenye mazizi yao. Waliokuwa hawasalimiani waliitana, kila mmoja akataja kosa lake kabla ya kutaja la mwenzake. Ndugu waliita hivyo kutembea nuruni. Hata wamisionari hawakusamehewa zoezi hilo: wapo Wazungu waliokiri hadharani kiburi chao mbele ya Waafrika ambao wao walizoea kuwaamuru, jambo ambalo katika enzi ya ukoloni liliwashangaza wengi na kuwaudhi baadhi.

Si kila askofu alifurahi. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa miongoni mwao, waliokataa kuacha mikutano yao ya alfajiri. Ukweli usemwe: ndugu hawakuwa watu wepesi kuishi nao. Walikuwa tayari kumwambia mchungaji wao kwamba hajaokoka. Hata hivyo wengi wao hawakutoka kwenda kuanzisha kanisa jipya. Walibaki Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na Walutheri, na jioni moja katika wiki walikutana bila ofisi, bila daftari la wanachama na bila mshahara. Kutoka Bukoba uamsho huo ulimlea Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984.

Amani waliyoihubiri ilipimwa kwanza Kenya. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, waumini wengi wa uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau. Walisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo, na hawawezi kunywa nyingine. Wengi wao walikataa vilevile bunduki walizopewa na serikali ili wajiunge na askari wa ulinzi wa vijiji. Kwa hiyo walikosa kimbilio pande zote mbili. Baadhi waliuawa kwa ajili ya msimamo huo.

Mtu aliyeipeleka hoja hiyo mbali zaidi ni Festo Kivengere. Alizaliwa Kigezi mwaka 1919, akafundisha shule Dodoma kwa miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi kwamba mhubiri Mmarekani Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960 yeye ndiye aliyefasiri. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi, Idi Amin akiwa madarakani. Februari 1973 wanaume watatu walipigwa risasi hadharani Kabale. Kivengere aliomba ruhusa ya kuzungumza nao kabla, akakuta ni wao wanaomfariji yeye.

Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum, naye mtu wa uamsho, aliuawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ilidai ni ajali ya gari. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walipanda milima usiku kwa miguu na kuingia Rwanda. Alikiri baadaye kwamba chuki dhidi ya Amin ilianza kumla moyo uhamishoni, mpaka siku ya Ijumaa Kuu, akiwa kanisani London, alipotambua kwamba Kristo msalabani aliwaombea msamaha wauaji wake, na Amin hakuachwa nje ya sala hiyo. Mwaka huohuo kitabu chake kikatoka, kikisema tangu kwenye jalada kwamba anampenda Idi Amin. Waganda waliofiwa walikuwa na haki ya kukasirikia jina hilo. Yeye hakukitetea kwa kuficha mauaji. Kitabu chenyewe kinayasimulia.

Kuna swali zito ambalo historia hii haiwezi kulikwepa. Rwanda, chimbuko la uamsho, ndiyo iliyoshuhudia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na makanisa mengi yakageuka machinjio. Wapo wachambuzi wanaosema ndugu walizoea kuungama wizi wa jembe na hasira za nyumbani, wakanyamaza mbele ya vitambulisho vya ukabila na sera za chuki. Ni lawama yenye uzito. Hata hivyo Kigali, mwanzoni kabisa mwa mauaji hayo, aliuawa Israel Havugimana, Mhutu aliyeongoza nchini humo African Enterprise, shirika lilelile alilolitumikia Kivengere. Kosa lake lilikuwa kuwakutanisha Wahutu na Watutsi waombe pamoja.